Sikio la Nyumba ya Kungojea

Siku walipokuja kumkamata, Fausta Rusimbi alikuwa mfalme, jambazi na binti anayelia, wote kwa mpigo mmoja. Filamu ilikuwa ya nchi ya mbali, lugha yake hakuna aliyeijua, na Fausta alikuwa amekaa kando ya kioo na kipaza sauti mkononi, akiwasemea wahusika wote kwa Kiswahili, kama alivyofanya kila siku katika lile banda la wafanyakazi wa Mnara. Askari wawili wa Marejeo wakaingia wakasimama mbele. Jambazi ndiyo kwanza alikuwa amemshika binti shingo.

"Fausta Rusimbi, upo chini ya ulinzi," askari mmoja akatamka.

"Kaa wewe, unaziba!" akafoka mchomeleaji mmoja aliyetoka zamu na njaa yake.

Askari akatazama huku na huku, akaona mikono ya watu wanaonyanyua vyuma kutwa nzima, akakaa. Mwenzake naye akakaa. Filamu ilipokwisha, binti alikuwa ameolewa, jambazi ametubu, na yule askari wa pili alikuwa anajifuta macho kwa kofia yake.

"Haya, mama," akasema kwa upole. "Twende sasa."

Jiji la Mnara lilijengwa chini ya kamba. Kamba yenyewe ilikuwa nene kuliko nyumba, ikatoka ardhini pale ikweta inapopita, ikapanda, ikapita mawingu, ikapita hewa yenyewe, na juu yake vibanda vya mizigo vikawa vinakwea na kushuka kama siafu kwenye mti. Kamba ilipovuta mzigo mzito ililia, nao watu wakapima saa zao kwa kilio hicho. Walikuja kuijenga kutoka kila mahali Kiswahili kinaposemwa: pwani, maziwani, visiwani, milimani. Wakajenga, wakaoana, wakazeeka. Kisha wenye Mnara wakaona kazi imekwisha lakini watu hawajaisha, ndipo ikatungwa Sheria ya Marejeo: kila asiye na kibali arudishwe pale alipojifunzia kusema. Hawakutaka habari ya vyeti. Cheti, walisema, huchapwa hata kwa kinyozi; ulimi hauna kiwanda.

Kibali cha Fausta kilikuwa kishughulikiwe na mwenye banda. Mwenye banda alikuwa amesahau. Alikuwa amesahau miaka kadhaa mfululizo.

*

"Hapa hatuna wafungwa," Inspekta Luhende alimweleza alipompokea. Alikuwa mtu mrefu, sare imenyooshwa mpaka mikunjo yake ingeweza kukata nyanya, na alizungumza Kiswahili kisafi kisicho na kwao, kama cha mtu anayesoma taarifa. "Hii ni Nyumba ya Kungojea. Waliomo wote ni wageni wetu."

"Naweza kutoka?"

"Hapana."

"Basi mimi ni mgeni kama kuku wa sikukuu alivyo mgeni."

Inspekta hakucheka. Akamwingiza katika chumba cheupe kisicho na kitu ila meza, viti viwili, na juu darini chombo cha shaba kilichofanana na sufuria iliyofunikwa kichwa chini. Hilo ndilo lililokuwa Sikio.

Sikio halikujali mtu anasema nini. Lilijali anavyosema. Lilipima ulimi unagusa meno au ufizi, irabu inavutwa kiasi gani, pumzi inayofuata p na t na k ina uzito gani. Maana mtu wa pwani akitaja paa la nyumba na paa wa porini hutoa pumzi mbili tofauti bila yeye mwenyewe kujua, na mtu wa bara hutoa moja tu maisha yake yote. Lilipima hata kigugumizi. Kisha lilitaja mahali, na mahali hapo ndipo mtu alipopelekwa. Milango ya nyumba nzima ilitii sauti yake: akitajwa mtu wa kusafiri, ulifunguka mlango wa bandarini, akitajwa mwenyeji, jambo ambalo halijapata kutokea, lingefunguka lango la mjini.

"Sema lolote," Inspekta akaamuru.

"Kwa sauti ipi?"

"Yako."

Fausta akafungua mdomo, akaufunga. Alizaliwa Kigoma. Shangazi akamchukua mdogo kabisa akamlea Mombasa. Akaolewa Bujumbura, akaachika, akaolewa Morogoro, akafiwa, na miaka yote iliyofuata alikuwa amekaa kwenye banda akisema kwa niaba ya watu. Akaona aanze tu. Akaeleza alivyokamatwa, na kwa kuwa hajui kueleza kitu bila kukiigiza, akawaweka humo askari, mchomeleaji, na jambazi pia.

Sikio likaguna muda mrefu. Kisha likasema kwa sauti yake ya upole: "Asanteni. Tafadhali msiseme kwa pamoja. Wapo watu saba chumbani."

Inspekta akainama akachungulia chini ya meza.

"Rudia," akasema alipoinuka, masikio yamemwiva.

Fausta akarudia.

"Sasa wapo tisa," Sikio likasema. "Mmoja ni mfalme."

*

Wageni walikula pamoja kwenye ukumbi mmoja wenye madirisha ya juu. Siku ile ya kwanza Fausta alikaa karibu na mzee mmoja mwenye mabega mapana aliyekuwa anakula ugali kwa hasira, kana kwamba ugali ndio uliomshtaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetajwa wapi?"

"Sijatajwa. Limenishindwa."

"Una bahati. Mimi nimetajwa Lamu."

Akamweleza. Aliitwa Mushagalusa, mchomaji vyuma, mzaliwa wa Bukavu, mtu wa milimani asiyejua kuogelea hata kwenye beseni. Alikuwa amekuja Mnara kijana, kila mwaka akimwambia mkewe kwa simu kwamba atarudi mwakani. Mwaka huu mkewe alimjibu: "Mushagalusa, ukikawia tena nitatangaza kwamba umekufa, niwapokee watu na rambirambi zao." Mzee akajua hatanii. Nauli hakuwa nayo, lakini alijua wanaorejeshwa husafirishwa bure. Basi akavaa koti lake zuri, akaenda mwenyewe kituoni, akanyoosha mikono akasema, "Nikamateni."

"Wakafurahi mno," mzee akasema kwa uchungu. "Wakanipa hata chai. Nikaingia kwa hilo sufuria lao, nikasema maneno mawili matatu, likaniambia mimi mtu wa Lamu! Kisa nini? Miaka yote nimefanya kazi na waashi wa Lamu. Kutwa nzima wao chini ni 'tini', juu ni 'yuu', macho ni 'mato'. Ulimi nao ukazoea. Sasa meli ya Lamu ikija nitapandishwa. Nitafika kisiwani nisijue mtu, na kule nyumbani watu wanakula matanga yangu."

Fausta alitaka kucheka, lakini akamwona mzee macho yamejaa, akajizuia.

Upande wa pili wa meza alikaa mwanamke kijana wa kisiwani Ngazidja, Moinaecha, akimnyonyesha mwanawe wa kiume, Saindu, aliyezaliwa hapo hapo jijini. Mumewe alikuwa juu kabisa, kwenye kituo cha mwisho wa kamba, na kushuka kwake kulikuwa kwa zamu ndefu. Yeye Moinaecha alikuwa ametajwa sawasawa: Ngazidja. Tatizo lilikuwa Saindu.

"Walimweka mezani," akaeleza taratibu. "Akalia. Sikio likasema, 'Hajatambulika. Angoje mpaka aseme.'"

"Angoje wapi?"

"Hapa."

"Na wewe?"

"Mimi nina meli wiki hii." Akamgeuzia mtoto titi la pili. "Nikamwuliza afande, atasemeshwa na nani? Akasema watumishi watamsemesha. Nikamwambia, basi akianza kusema atasema kama watumishi wa hapa, atakuwa mtu wa hapa, na mimi nitakuwa Ngazidja. Afande akafikiri. Akasema hilo halijawahi kutokea, kwa hiyo halimo."

Hakulia. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya kitu ambacho hawezi kukinunua, akaendelea kunyonyesha. Fausta, aliyekuwa amewalilia mabinti wangapi sijui kwenye kipaza sauti, alimsogezea maji ya kunywa.

*

Kesho yake Inspekta akamwita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na chai ya tangawizi na mandazi, Fausta akajua mara moja kwamba kuna jambo.

"Mama Fausta," Inspekta akaanza, "Sikio linakosea."

"Nimesikia."

"Mwezi uliopita tulimpeleka mtu Tanga. Tanga wakamrudisha, wakasema hawamjui hata kwa kivuli. Wakubwa wamekasirika. Wataalamu wanasema Sikio halijapata mwalimu mzuri. Lilifundishwa na watu wa redio." Akasogeza sahani ya mandazi. "Wewe ndani yako mna watu tisa. Ukae nalo, ulisemee kama mtu wa kila mahali, na kila mara ulitajie mahali penyewe. Litashika. Litakuamini, maana limetengenezwa limwamini mwalimu. Ukimaliza unapata kibali cha kudumu. Nimeruhusiwa kukuahidi."

"Na watu?"

"Watu gani?"

"Wanaojificha huko mjini, ambao Sikio halijui kuwataja. Likijua, si watakuja kuchukuliwa wote?"

Inspekta akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Kabla Sikio halijaletwa," akasema, na sauti ya taarifa ikampungua kidogo, "aliyekuwa anaamua ni mimi. Mtu anakaa hapo ulipokaa, ananiangalia, na mimi ndiye nisemaye nenda au baki. Nilikonda, mama. Mke wangu alidhani nina mdudu tumboni. Lilipokuja Sikio nilinenepa. Likisema lenyewe, mimi sina kosa. Sasa likikosea, mimi nitasemaje?"

"Nikikataa?"

"Utangoja."

"Nikikubali halafu nikaharibu?"

"Ahadi inafutwa. Na hutapimwa tena, kwa sababu mwalimu hapimwi na mwanafunzi wake. Utaangukia kifungu cha zamani."

"Kinasemaje?"

"Sikumbuki," Inspekta akakiri. "Ni cha zamani sana."

Fausta akachukua andazi, akalila lote, akachukua la pili. Alikuwa mwanamke aliyepita miaka hamsini, hana mtoto, hana nyumba Kigoma wala Mombasa, na alichokitaka duniani kilikuwa kidogo tu: banda lake, watazamaji wake, na asikamatwe tena katikati ya filamu. Hapa mtu alikuwa anampa vyote juu ya sahani.

"Nitafundisha," akasema.

*

Siku ya kwanza alifundisha kwa uaminifu. Alisema kama mtu wa Mvita, akataja Mvita. Akasema kama mtu wa Kisangani, akataja Kisangani. Sikio lilikuwa mwanafunzi mwenye adabu. "Nimesikia, mwalimu," lilisema kila mara. "Tafadhali endelea." Fausta alijikuta anaanza kulipenda, kama mwalimu anavyompenda mtoto mtiifu hata akiwa mjinga.

Mchana akaenda kula. Moinaecha alikuwa anamfundisha Saindu kusema "mama". Mtoto mwenyewe alikuwa na umri wa kunyonya vidole vya miguu, lakini mama yake alimshika uso akarudia na kurudia, midomo yake karibu kabisa na ya mtoto, "Ma. Ma. Sema, mwanangu. Meli inakuja. Ma." Saindu akacheka, akampulizia mate usoni.

Fausta akasukuma sahani yake pembeni. Hakula.

Aliporudi kwenye kile chumba alikaa chini ya Sikio. Nje kamba ikalia, na mtumishi aliyekuwa anadeki ukumbini akapaza sauti: "Kamba hiyo! Wekeni ndoo tini, banatoka zamu!" Fausta akainua kichwa. *Tini* ilikuwa ya Lamu. *Banatoka* ilikuwa ya Kongo. Na kamba hiyo haikuwa ya mahali pengine popote duniani. Yule mtumishi, Fausta alimjua, alikuwa kijana wa Songea.

"Sikio," akasema.

"Naam, mwalimu."

Fausta akasema sentensi moja kama mtu wa banda lake. Hakuigiza mtu wa pwani, wala wa ziwani. Alisema kama wale wachomeleaji wanavyosema wao kwa wao wakimaliza zamu, maneno ya kila upande yamechanganyika kama wali na maharage.

"Hii ni sauti ya wapi, mwalimu?" Sikio likauliza.

"Ya hapa."

"Hapa ni wapi?"

"Mnara."

"Katika majina yangu ya mahali, Mnara haumo."

Fausta akaona jasho linamtoka kwapani. Angeweza kusema amekosea. Angeweza kusema ni Tanga.

"Ongeza," akasema.

"Nimeongeza," Sikio likajibu, kwa upole ule ule. "Tafadhali endelea."

*

Jioni, jua likiwa bado kwenye madirisha ya juu, akamwambia Mzee Mushagalusa. Alidhani mzee atafurahi. Mzee akaweka kijiko mezani kama mtu anayeweka silaha.

"Yaani mimi nitatajwa mtu wa hapa?"

"Ndiyo. Utaachiwa."

"Mama, nimeishi miaka mingi naogopa kukamatwa. Sasa nimekamatwa kwa hiari yangu, na wewe unataka kuniachia!"

"Wengine wote..."

"Wengine wote sawa, Mungu awabariki. Mimi je? Nitoke hapo langoni, nikae mjini, sina nauli, na mke wangu anawagawia watu pilau la msiba wangu? Ungeniuliza kwanza!"

Ilikuwa kweli, hakumwuliza. Kwenye banda hakuwahi kumwuliza mhusika yeyote anataka kusema nini. Alimsemea tu, naye akanyamaza. Ilimchoma kuliko alivyotegemea.

"Nisamehe, mzee," akasema. "Nikiendelea, wewe unapotea. Nikiacha, anapotea yule mtoto. Sasa nakuuliza. Nifanyeje?"

Mushagalusa alimtazama Moinaecha upande wa pili wa ukumbi, akamtazama mtoto, akasugua uso kwa viganja vyake vigumu. "Usiniulize swali kama hilo nikiwa nimeshiba," akanung'unika. "Mtu aliyeshiba hujibu vizuri kupita kiasi." Kisha akasema: "Nifundishe kusema kama mtu wa kwetu."

Wakaanza. Ikawa kichekesho. Mzee alipojaribu kusema kama mtu wa Bukavu alisema kama mwashi wa Lamu anayemkejeli mtu wa Bukavu. "*Mutu!*" Fausta alisisitiza. "*Muntoto!*" mzee akajibu. Wageni wengine wakaja kusaidia, kila mmoja na Bukavu yake. Mwishowe mzee alisema sentensi ndefu ambayo haikuwa ya nchi yoyote, Saindu akaangua kilio.

"Nimeisahau," mzee akasema, akiwa ameshuka mabega. "Nimeisahau lugha ya nyumbani kwangu. Mama yangu angenichapa."

"Hujaisahau," Fausta akamwambia. "Imekaa mahali haitaki kuitwa. Mkeo anakuitaje kwenye simu?"

"Kwa makelele."

"Nieleze hayo makelele."

Mzee akaeleza. Fausta akasikiliza, macho amefumba.

*

Siku ya kulijaribu Sikio, ambalo Fausta alikuwa ameendelea kulifundisha sauti ya Mnara, Inspekta Luhende alikuja na sare mpya. Meli ya Ngazidja ilikuwa imetia nanga asubuhi. Wageni wote walikuwa wapimwe upya; Moinaecha aliitwa wa kwanza, na kwa kuwa hakukuwa na wa kumwachia mtoto, akaingia naye mgongoni. Fausta alisimama kwenye korido, mlango ukiwa wazi.

"Sema lolote," Inspekta akamwambia.

"Sina la kusema, afande. Mume wangu yuko yuu huko, mimi niko tini hapa, na mtoto huyu baba yake hajamwona. Hilo tu."

Sikio likatafakari. "Mwenyeji," likasema. "Mnara."

Mbali, mwisho wa nyumba, likasikika jambo ambalo hakuna aliyelijua: mngurumo wa lango la mjini likipanda.

Inspekta akaligonga Sikio kwa kalamu. "Rudia."

"Mwenyeji. Mnara. Mtoto aliye mgongoni hajatambulika. Angoje hapa Mnara, na mama yake, mpaka aseme."

Moinaecha hakungoja kuambiwa. Alitoka mbio, Saindu akirukaruka mgongoni, akapita chini ya lango bila kugeuka nyuma. Baada yake waliingia wengine: mtu wa Kalemie, mapacha wa Pangani, fundi cherehani wa Kampala. "Mwenyeji. Mnara." "Mwenyeji. Mnara." Lango lilishuka na kupanda mpaka likaanza kutoa moshi. Inspekta alikuwa amekaa, kalamu mkononi, anaonekana kama mtu anayetazama nyumba yake ikisombwa na maji wakati huo huo akishangaa uzuri wa mto.

Akabaki Mushagalusa. Akavaa koti lake zuri, akaingia, akakaa.

"Sema lolote, mzee."

Mzee akakohoa. "Mimi... mutu wa... yana nimefika..." Hata jana yake ilikuwa bado ya Lamu.

Sikio likaanza kuguna. Fausta pale koridoni akajua likimaliza kuguna litasema Mnara. Akavuta pumzi mpaka tumboni, akaachia sauti ya mwanamke wa Bukavu aliyechoka kungoja:

"Mushagalusa! Wewe Mushagalusa! Batu bamekwisha kufika kwa matanga! Uko wapi na wewe?"

Mzee akaruka kitini. "Minakuja!" akanguruma, na sauti iliyomtoka haikuwa na chembe ya Lamu. "Mi niko muzima, Mama Furaha! Banakudanganya! Usipokee kitu ya batu! Juu ya nini unaniua na mi sijakufa? Fukuza bale batu bote, minakuja!" Akaongeza neno moja la Kimashi, lugha ya kwao, ambalo si la kutajwa mbele ya watoto.

"Bukavu," Sikio likasema bila kusita. Mlango wa bandarini ukafunguka.

Mzee alibaki amesimama katikati ya chumba, anahema, anaangalia mlango. Kisha akageuka akamwona Fausta, akakumbuka kwamba yule hakuwa mkewe, na uso wake ukakunjamana. Akamshika mikono yote miwili.

"Ulimpatia sawasawa," akasema kwa sauti ndogo. "Hata hasira. Sikuwa nimeisikia karibu hivyo tangu ujana."

"Nenda, mzee. Usikawie tena."

Akaenda, koti limemkaa vizuri.

*

Nyumba ikawa kimya. Hata wapishi walikuwa wamepimwa kwa hamu yao wenyewe na kwenda mjini kusherehekea. Inspekta Luhende alikaa mezani chini ya Sikio, Fausta akakaa mbele yake bila kuitwa.

"Umelidanganya," Inspekta akasema.

"Ulitaka lijue watu wanasemaje. Wanasema hivyo."

Inspekta alikuwa ameleta kitabu cha sheria, kimejaa vumbi, akakifungua, akatafuta, akasoma. Fausta alimwona anasoma mara ya pili. "Kifungu cha zamani," akasema hatimaye. "Kinasema, pale chombo kisipoweza kutumika, ofisa atamsikiliza mtu mwenyewe na kuamua."

"Ofisa yupi?"

"Aliyepo."

Walitazamana. Sikio juu yao lilikuwa kimya. Mwalimu hapimwi na mwanafunzi wake. Inspekta akafungua kifungo cha shingoni. Fausta aliona kweli alivyokuwa akikonda mtu huyu zamani: kukonda kulianza usoni.

"Haya, mama," akasema. "Unatoka wapi?"

Akamweleza. Safari hii hakumweka mfalme wala jambazi. Alieleza Kigoma na shangazi, Mombasa, mume wa kwanza na wa pili, akaeleza mtoto aliyempata Bujumbura ambaye hakukaa duniani, habari ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Hakuharakishwa. Inspekta aliuliza maswali, mengine ya kijinga: shangazi alikuwa anapika nini, kama mume wa pili alikuwa anakoroma. Alisikiliza majibu yote. Mwisho akauliza, "Ukiondolewa hapa, kuna mtu kokote atakayekuja kukupokea?"

"Hakuna."

"Na ukibaki?"

Fausta akafikiri. "Watu watanipigia kelele nikichelewa kuanza."

Inspekta akafunga kitabu. Kwa muda alikaa na mkono juu yake. "Wakubwa watakuja kesho," akasema. "Watauliza kwa nini. Sitakuwa na Sikio la kuwaonyesha. Nitakuwa na masikio haya mawili tu." Akasimama. "Baki. Nimeamua. Twende nikutoe."

Giza lilikuwa limeanza kuingia. Akamchukulia kifurushi chake wakaenda mpaka langoni. Lango la chuma lilikuwa limeshuka.

"Fungua," Inspekta akaamuru.

Lango halikufanya kitu.

"Fungua! Ni amri!"

"Linamtii Sikio," Fausta akamkumbusha. "Halijafundishwa kumtii mtu."

Nyuma ya ndoo za takataka wakakuta mkono wa kuzungushia, umekula kutu mpaka umekuwa mwekundu. Inspekta akavua koti la sare, akalikunja, akaliweka juu ya ukuta. Wakazungusha wote wawili, huyu anavuta yule anasukuma, wakilaumiana kwa zamu. Lango likanyanyuka kiasi cha goti, likanyanyuka kiasi cha kiuno. "Pita, mama! Pita, naishiwa nguvu!" Fausta akainama, akapita, kifurushi nyuma yake, na mara mkono ukamponyoka Inspekta, lango likaanguka kwa kishindo kikubwa.

Upande wa pili ikasikika pumzi ya mtu anayehema.

"Mama Fausta."

"Naam."

"Huku peke yangu siuwezi. Huko kwako hakuna mkono kama huu?"

Fausta akatazama. Ulikuwapo. Ulikuwa mpya kabisa, umepakwa mafuta. Aliangalia barabara ya kwenda mjini. Watu walikuwa wanaimba huko, na mvua ilikuwa inataka kuanza. Akauweka mkono wake juu ya kile chuma, lakini hakukizungusha.

"Upo," akasema.

Nyuma ya lango mtu akaegemea chuma. Alipokuja kusema, sauti haikuwa ya taarifa wala ya sare. Ilikuwa ndogo, imevutwa kwa namna ya Kisukuma, na ilitumia neno ambalo mtu wa kwao humwitia mama yake mzazi.

"Mayu," akasema. "Naomba unifungulie. Ni giza humu, na nimeachwa peke yangu."

Fausta akaweka kifurushi chini, akatemea viganja vyake mate, akaanza kuzungusha.